Betri Mbili za Kapteni

2 Machi
Mvua zimeanza rasmi. Barabara ya kuzunguka ziwa imekatika pale kwenye kalvati, kwa hiyo kila mwenye shida ng'ambo ni abiria wetu mpaka mvua ziishe. Baba amefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mimi leo nimefundishwa mbele za watu. Nimekaa ofisini miaka kumi na miwili, nimesimamia hesabu za kampuni nzima kabla hawajatupunguza, na leo nimesimamishwa nyuma ya usukani kama mwanafunzi, abiria wanatazama.

"Haya, mama, rudia," Baba akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Nikarudia. Boti ina betri mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia injini na haina kazi nyingine duniani. Ya pili ndiyo punda: taa, redio, na pampu ya kutoa maji ya mvua, yote inabeba yenyewe. Katikati kuna swichi nyekundu ya kuzungusha, yenye vituo vinne. Kuwasha injini, Moja. Injini ikishaunguruma, Zote, ili zichajiwe pamoja. Injini ikizimwa na bado tumo botini, Mbili. Tukienda nyumbani, Zima. Pampu peke yake haipiti kwenye swichi. Imeungwa moja kwa moja kwenye ya pili, maji yakipanda inajiwasha, iwe usiku iwe mchana.

"Na ukiacha Zote ukaenda kulala?"

"Zinakufa zote."

"Na zikifa zote katikati ya maji?"

Mama muuza nyanya, ambaye husafiri nasi karibu kila siku na matenga yake, akanijibia: "Tunakufa na sisi!" Boti nzima ikacheka. Nilicheka na mimi, meno tu.

5 Machi
Mvua. Safari mbili. Mgongo.

9 Machi
Nimeleta botini ile friji yangu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Baba aliizunguka kama anakagua ng'ombe wa kununua.

"Mvua hii, nani atakunywa soda baridi?"

"Mvua inanyesha asubuhi na jioni, Baba. Saa sita jua linachoma."

Akakubali, lakini kwa sharti: iungwe kwenye betri ya pili, na ipitie kwenye swichi, ili tukizima tumezima. Akaiunga mwenyewe, akakaza skrubu hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Soda zimeisha kabla ya safari ya mwisho. Mwalimu wa hesabu wa sekondari ya ng'ambo alikunywa mbili, akasema huu ndio usafiri wa kisasa.

Tatizo ni moja. Baba akizima jioni, asubuhi soda ni za moto.

14 Machi
Leo Baba ameniita kwa jina la marehemu Mama. Mara mbili. Mara ya pili alijishtukia, akajifanya anakohoa.

Tena jana aliacha sufuria ya maji jikoni hadi ikakauka na kuungua, nyumba ikajaa moshi. Nilipomuuliza akasema alizima jiko. Hakuwa amezima. Nimempigia Kaka simu. Kaka yuko mjini, ana nyumba kubwa na maneno machache. "Umri huo, mdogo wangu," akasema. "Mwangalie tu."

Namwangalia.

20 Machi
Wiki nzima hatujaona jua. Ile sola juu ya paa la boti imebaki pambo. Pampu inafanya kazi usiku kucha, na betri ya pili imechoka. Redio inakoroma kama mtu mwenye mafua. Friji nayo ilizimika kabla ya saa sita. Nimeishughulikia mwenyewe baada ya Baba kwenda kununua dizeli, wala sikuhitaji kumwita. Imepona. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

23 Machi
Soda baridi kuanzia asubuhi. Mwalimu amenipa hongera.

26 Machi
Injini imewaka kwa shida. Ilivuta, ikavuta, kama mzee anayeinuka kitini, ndipo ikashika. Baba aliweka mkono juu ya boksi la betri.

"Ya kwanza inalalamika."

"Ni baridi tu, Baba."

"Betri haisikii baridi hii."

Nilimtazama. Jana yeye ndiye aliyefunga boti.

29 Machi
Tena. Sasa kila jioni nikiwa nimetangulia gatini na mwavuli nampigia kelele, "Umezima?" naye anajibu, "Nimezima." Anajibu haraka mno. Hata ile sufuria alijibu haraka.

1 Aprili
Mvua ya mawe. Hatukusafiri. Baba amecheza drafti kwa kinyozi mchana kutwa, akarudi na majigambo kwamba amewala wote. Nikajisemea, kumbe drafti hasahau.

3 Aprili
Siwezi kulala, afadhali niandike.

Jana jioni nilikwenda dukani mapema, Baba akafunga boti peke yake. Leo asubuhi yeye alitangulia kufika. Nilipopanda injini tayari inanguruma na swichi iko Zote, kama inavyotakiwa. Akaniambia ilimsumbua kuwaka kuliko siku zote. Tukapakia: mama muuza nyanya na matenga yake, mwalimu, muuguzi wa zahanati, mume na mke wenye mtoto mchanga, na wengine wa kawaida. Wingu lilikuwa jeusi upande wa milimani, lakini tukaona tutafika.

Hatukuwa tumefika katikati ya ziwa boti ikatetemeka na injini ikaanza kulia vibaya. Turubai. Mafuriko yameleta kila takataka, na turubai zima la lori lilikuwa limejisokota kwenye panga la injini. Ilibidi tuzime. Baba akashikilia miguu yangu, nikaning'inia nyuma na kisu, nikakata, nikavuta, mikono ikachubuka. Likatoka. Watu wakapiga makofi.

Baba akaweka swichi Moja, akawasha. Tak.

Akaweka Mbili. Tak. Hata hiyo tak ilikuwa ndogo, kama mtu anayegonga kucha mezani.

Akaweka Zote. Kimya.

Wakati huo upepo umeshafika, na mvua nyuma yake. Boti isiyo na injini haina heshima: inageuka ubavu, inapigwa. Tulikuwa tunasukumwa kuelekea kwenye zile nguzo za daraja la zamani, za zege, zenye nondo zimechomoza. Nikachukua redio nimwite mtu. Redio imekufa, betri ya pili ndiyo inayoilisha. Pampu imekufa. Maji ya mvua yakaanza kupanda sakafuni, na matenga ya nyanya yakaanza kutembea. Yule mama mwenye mtoto hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Alifungua kanga yake, akamfunga mtoto upya kifuani, akakaza fundo kwa meno.

Baba aliwavalisha watu maboya mmoja mmoja, akimsemesha kila mmoja taratibu, huku mimi na mwalimu tunachota maji kwa ndoo. Kisha akapanda juu ya paa, umri ule, akasimama na koti lake la manjano mkononi, akalipunga. Tishari la mchanga lilikuwa linarudi tupu. Likatuona. Lilipotutupia kamba, nguzo zilikuwa karibu kiasi kwamba nilisoma maandishi yaliyochorwa juu yake.

Tukavutwa hadi gatini. Watu wote wazima. Nyanya nyingi zilipotea.

Na hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Watu walikuwa bado wanashuka. Nilikuwa nimelowa hadi kwenye mifupa, na nikamgeukia Baba.

"Nilikuuliza! Kila siku nakuuliza kama umezima!"

"Nilizima, mama."

"Ulizima wapi? Betri mbili zimekufa pamoja! Zingekufaje pamoja kama hukuiacha Zote?"

"Mimi jana nilizima. Nakumbuka nili..." Akautazama mkono wake wa kulia, akauzungusha hewani kidogo, kama anauuliza.

"Hata sufuria ulisema ulizima!" nikasema. "Nyumba imejaa moshi na wewe unasema umezima!"

Watu wakasimama. Mwalimu akatazama viatu vyake. Ningenyamaza hapo, lakini niliendelea. Nilimshika Baba mkono, nikamvuta hadi kwenye swichi, nikaizungusha mbele yake. Nikamsemesha polepole, kwa sauti kubwa, neno moja moja: "Tazama. Moja. Mbili. Zote. Zima. Maneno manne, Baba. Hata mtoto wa chekechea anayaweza."

Baba alivua kofia yake. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, ya mvua.

"Huenda niliiacha," akasema. Kisha akawageukia abiria. "Jamani, mnisamehe. Huenda niliiacha."

Akawaomba radhi hivyo, mmoja mmoja, hadi yule mwenye mtoto.

Nimeona aibu tangu wakati ule. Ningeweza kusema nyumbani, tukiwa wawili. Nilikuwa na haki, ila niliisema vibaya. Ndivyo ninavyojiambia.

4 Aprili
Fundi wa gereji ameleta chaja, anazichaji betri humo humo botini. Asubuhi nimekuta ufunguo wa boti juu ya meza, upande wangu, karibu na kikombe changu. Baba hakusema kitu kuuhusu. Alisema chai ina sukari ya kutosha.

7 Aprili
Nimeendesha peke yangu siku ya tatu. Abiria wanauliza Kapteni yuko wapi. Nasema anapumzika. Mama muuza nyanya ameniambia kwa sauti ya chini, "Umefanya vizuri. Yule mzee asirudi tena." Nilimshukuru. Nikashangaa kwa nini ninamshukuru.

9 Aprili
Usiku Baba ameniita jikoni. "Mama, njoo uangalie kama nimefunga gesi."

Ilikuwa imefungwa.

Baadaye kidogo: "Njoo uangalie mlango."

Ulikuwa umefungwa.

10 Aprili
Kinyozi amenisimamisha njiani kuuliza kama Mzee anaumwa, hajaonekana drafti. Nilipomuuliza Baba akasema, "Nitawachosha. Nitakuwa nasahau zamu yangu."

12 Aprili
Kaka amepiga simu. Amesikia; sijui kwa nani, lakini ziwa zima limesikia. Anataka kumchukua Baba akakae naye mjini. "Kuna chumba cha nyuma. Kuna msichana wa kazi, atamtazama." Baba aliyevusha watu ziwa hili tangu sijazaliwa, atazamwe na msichana wa kazi katika chumba cha nyuma.

Nilikubali. Nilikubali upesi, kama mtu anayetua mzigo.

Nilipomwambia Baba aliitikia kwa kichwa. "Kaka yako ana kazi nyingi," akasema. "Nisije nikamuunguzia nyumba."

14 Aprili
Mvua. Mvua. Soda hazinunuliki, lakini friji naiacha. Nimezoea kuisikia ikinguruma.

16 Aprili
Asubuhi nilifika gatini kabla ya abiria. Swichi ilikuwa Zima. Jana niliifunga mwenyewe, tena niliitamka kwa mdomo, Zima, kama Baba alivyonifundisha. Nikaweka Moja, nikawasha.

Tak.

Nilibaki nimeshika ufunguo. Mvua inapiga paa. Baba hajakanyaga boti hii tangu siku ile.

Na katika ule ukimya wa injini nikasikia friji. Inanguruma polepole, kwa raha zake, wakati boti nzima imezimwa. Huwa siisikilizi. Leo niliisikiliza. Kitu kilichopita kwenye swichi kingewezaje kunguruma usiku kucha ilhali swichi iko Zima?

Nikafunua boksi la betri. Waya mwekundu wa friji ulikuwa umeviringishwa kwenye kichwa cha betri ya kwanza, moja kwa moja, pembeni ya swichi, bila hata skrubu. Umeviringishwa kwa vidole. Vidole vyangu. Siku ile betri ya pili ilipochoka, Baba alipokwenda kununua dizeli, niliuhamisha waya kwa muda tu, soda zisiharibike. Kwa muda tu, hadi jua litoke. Nikajipongeza. Kisha nikasahau.

Nilikaa juu ya boksi. Kila usiku friji ilikuwa inainyonya betri ya kuwashia injini, na pampu inaimaliza ya pili. Baba angezima mara mia. Na asubuhi ile, alipoiwasha ile injini iliyokuwa inakata roho, alikuwa ametoka kuikuta swichi Zima, mahali alipoiacha.

Aliyesahau ni mimi. Na nilimshika mzee mkono mbele za watu nikamfundisha kuhesabu hadi nne.

Niandike na hili, maana ndilo linaloniuma: wazo la kwanza lililonijia halikuwa Baba. Lilikuwa kwamba hakuna aliyeona. Niliuondoa waya, nikaurudisha mahali pake, nikakaza skrubu. Abiria walipofika nikawaambia betri imezeeka, nikaazima ya lori la mchanga, nikawasha, tukaondoka.

17 Aprili
Sikumwambia.

18 Aprili
Nilikusudia kumwambia wakati wa chakula. Yeye akatangulia.

"Boti inawaka vizuri siku hizi?"

"Inawaka, Baba."

"Haijasumbua tena?"

Nikasema haijasumbua.

Akatabasamu. Alifurahi kweli, kwa ajili ya boti. "Unaona? Kumbe ilikuwa mimi tu."

Nilichukua sahani nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

19 Aprili
Sikumwambia. Kaka anakuja Jumapili. Baba ameanza kugawa vitu vyake. Kinyozi amepewa ubao wa drafti. Mimi nimepewa lile koti la manjano. Alinivalisha, akanifunga vifungo hadi shingoni. "Linakukaa," akasema. Halinikai. Mikono imenipita.

20 Aprili
Mwoga. Sina jingine la kuandika.

22 Aprili
Kaka amefika mchana na gari la kuazima, viatu vyake vyeupe vikaharibika kabla hajafika mlangoni. Begi la Baba lilikuwa tayari sebuleni, limefungwa kamba. Tukala. Kaka alikuwa anamweleza Baba mambo ya mjini: choo kiko ndani, msikiti na kanisa na hospitali vyote karibu, hatakosa kitu. Baba anaitikia, ndiyo, sawa, ndiyo. Alikuwa anamwitikia mwanawe kama abiria anayeelekezwa pa kukaa.

Nikasema, "Hakuiacha."

Kaka akanitazama. "Nini?"

"Swichi. Baba hakuiacha. Alizima. Alizima kila siku." Sauti yangu ilikuwa ya ajabu. "Waya wa friji niliuhamisha mimi, nikaupeleka kwenye betri ya kwanza, nikasahau. Betri nimeziua mimi."

"Umejua lini?" Kaka akauliza.

"Jumatatu."

"Leo Jumapili."

"Najua leo ni siku gani."

"Yaani mimi nimekuja kumbeba Baba kama gunia kwa ajili ya waya wako? Na wiki nzima umekaa naye humu, unamtazama anafunga begi?" Hakuwa amenyanyua sauti. Ningependa angenyanyua.

Baba alikuwa bado ameshika kijiko. Akakiweka chini taratibu.

"Kwa hiyo siku ile nilizima," akasema.

"Ulizima, Baba."

"Nilikuwa nakumbuka. Mkono ulikuwa unakumbuka. Halafu nikasema, mama amesoma, hawezi kukosea." Akakisogeza kijiko pembeni ya sahani. "Unajua nimekuwa nikifanya nini asubuhi? Kabla sijafumbua macho nalitaja jina la mama yangu, nione kama bado lipo. Halafu la mama yako. Halafu majina ya magati yote, hadi ng'ambo. Nikiyamaliza ndipo nainuka. Siku nyingine nilikuwa naogopa kuanza."

Nilitamani anitukane.

"Na sufuria?" akauliza ghafla.

Nilimwona usoni alivyokuwa anataka. Ningesema ilikuwa mimi, angeamini. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Sufuria ulikuwa wewe, Baba."

"Na kukuita jina la mama yako?"

"Wewe pia."

"Haya," akasema. "Hayo mawili nayakubali. Lakini la boti silibebi." Akasimama, akachukua kofia. "Nipeleke nikauone huo waya."

Tulikwenda watatu, chini ya mwavuli mmoja wa Kaka. Baba akapiga magoti, akafunua boksi, akapapasa nyaya moja moja hadi akafika kwenye skrubu niliyoikaza. Akaijaribu kwa kidole gumba.

"Na hapa hukukaza vizuri," akasema.

Akaikaza. Hakunitazama. Njia nzima ya kurudi alimsemesha Kaka tu.

23 Aprili
Kaka ameondoka peke yake. Aliniaga kwa mkono, kama mgeni. Baba amefungua lile begi mwenyewe, akarudisha nguo sandukuni.

24 Aprili
Nimeuweka ufunguo upande wake wa meza. Umebaki hapo kutwa nzima.

26 Aprili
Ufunguo haupo mezani. Nilikimbia gatini hata viatu sijafunga. Baba alikuwa botini anakausha viti. "Umechelewa," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu Jumapili ambalo si la chakula.

Watu walipojaa, nilisimama kabla hatujaondoka. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha. Niliwaambia yote: friji, waya, betri ya kwanza, kwamba Kapteni alizima na aliyesahau ni mimi, na kwamba maneno niliyomwambia siku ile yalinistahili mimi. Niliyamaliza.

Mama muuza nyanya akanigusa goti. "Una moyo mzuri, mwanangu," akasema kwa huruma. "Mungu akubariki unavyomstiri baba yako."

"Simstiri! Ni kweli!"

"Ndiyo, ndiyo," wakaitikia wote, kwa sauti ile ya kumkubalia mtu. Mume wa yule mwenye mtoto akakonyeza. Muuguzi akainuka kumpisha Baba, akamshika kiwiko avuke kamba ambayo ameiruka maisha yake yote.

2 Mei
Nimejaribu tena. Nimechukua friji na waya nikawaonyesha. Wanasema mimi ni mtoto wa mfano. Nikizidi kujieleza, ndivyo wanavyozidi kumsikitikia.

11 Mei
Jua, siku mbili mfululizo. Sola inachaji. Friji nimeirudisha nyumbani. Baba amekwenda kwa kinyozi, akarudi usiku, kimya. Nikamuuliza vipi drafti. "Wananiachia nishinde," akasema.

19 Mei
Jana alfajiri nilimsikia kupitia ukutani akitaja magati. Nilidhani ameacha.

30 Mei
Mvua zimekatika. Barabara itafunguliwa wiki ijayo, na abiria wameanza kupungua.

Leo safari ya jioni Baba alikuwa anakusanya nauli, mimi nimeshika usukani. Mwalimu wa hesabu alikuwa kiti cha mbele. Ni mtu mwema, alichota maji nami siku ile hadi viganja vikamtoka malengelenge. Alimwinamia Baba hadi usoni, akamsemesha kwa sauti kubwa, neno moja moja: "Ka-pte-ni. Ni-me-ku-pa. No-ti. U-ni-ru-di-shi-e. Chenji. U-me-e-le-wa?"

Sauti ile naijua. Aliichukua kwangu, pale gatini, mvua ikinyesha.

Baba alimtazama. Kisha naye akainama hadi wakakaribia kugusana pua, akafungua mdomo wote, akapaza sauti ikasikika hadi nchi kavu: "Mwa-li-mu. Ni-me-e-le-wa. Chenji. Yako. I-ko. M-fu-ko-ni. Mwa-ko. Ni-li-ku-pa. Za-ma-ni."

Mwalimu akatia mkono mfukoni. Akatoa chenji yake, akaitazama kama inamtazama.

Boti nzima ilivunjika kwa kicheko. Mama muuza nyanya alijipiga mapaja hadi tenga likaanguka. Mwalimu mwenyewe alicheka, akiwa amejishika kichwa, kisha akasimama kwenye ile boti inayoyumba akamwomba Baba radhi kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Baba akampa mkono, akapita kwenda kiti kinachofuata.

Nilimsikia nyuma yangu akidai nauli, akitaniana na watu, akisonga kiti baada ya kiti kuja mbele. Alipofika kwangu akasimama, akangoja, kama kwa abiria ambaye bado hajalipa. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, macho kwenye maji. Sikuweza kugeuka.